Koti Mbili na Ndege Iliyokataa Chaji

Watu wasiomjua walidhani ameitwa Koti Mbili kwa sababu ya mavazi. Wapo hata waliomwonea huruma, wakasema maskini mzee wa watu, maisha yake yote amejaliwa makoti mawili tu. La hasha. Koti zake zilikuwa za rangi. Katika karakana ya magari ya idara, alikofanya kazi miaka thelathini na moja mpaka akawa msimamizi, fundi wa rangi akiuliza "koti ngapi?" alitaka kujua apake mara ngapi, na jibu la mzee lilikuwa lilelile, liwe gari la mkurugenzi au toroli la kuzolea taka: koti mbili. Watu wa sarufi wangesema makoti mawili, lakini karakana ile haikuwa na nafasi ya sarufi. Ilikuwa na nafasi ya wageni.

Na wageni ndio waliokuwa kazi yenyewe, tusidanganyane. Magari yaliingia pale mabovu na mengi yakatoka mabovu vilevile, lakini hakuna lililotoka bila kung'aa. Akija mkurugenzi, yanapakwa magari. Akija mkubwa wa mkurugenzi, yanapakwa magari, ukuta, mawe ya kando ya njia, na mwaka mmoja alipakwa hata mlinzi wa getini, aliyekuwa ameegemea mahali pabaya. Mkubwa anapita, anaitikia kwa kichwa, anaandika kwenye kitabu cha wageni "kazi nzuri sana", kisha anapanda gari lake lililopakwa upya, anawasha, gari linakohoa mara mbili na kunyamaza. Wanaitwa vijana wanne wa kulisukuma. Linatoka getini likisukumwa, limetakata utadhani limetoka dukani, na Koti Mbili amesimama pembeni akisema, "Betri hizo. Betri za siku hizi ni jina tu."

Usije ukamdhania mlaghai. Mzee alikuwa fundi, tena fundi mwenye dini ya ufundi, na amri ya kwanza ya dini yake ilikuwa hii: hupaki rangi juu ya bolti. Unafungua bolti, unaondoa kilichofungwa nayo, unapaka chini yake koti mbili, unasubiri ikauke, ndipo unarudisha kila kitu mahali pake. Anayezungushia brashi bolti ikiwa imekazwa ni mvivu, na mvivu hana nafasi kwenye karakana ya Koti Mbili.

Mvivu mkuu, kwa bahati mbaya, alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeingia karakanani kwa kubebwa na dada. Huyu alipaka bolti, nati, na mara moja kioo cha taa, akaambulia jina la Pakapita. Koti Mbili alimvumilia kwa ajili ya mkewe, uvumilivu ukamwishia, akamwandikia barua ya onyo yenye muhuri. Pakapita hakupandishwa cheo tena mpaka akaacha kazi. Wakaendelea kusalimiana na kula meza moja, ila mambo yakiharibika popote, iwe mlango umegoma au wali umeungua, macho ya watu wa nyumba ile yalimgeukia Pakapita kwanza, naye alishazoea.

Alipostaafu, wenzake walifungua maduka, wakafuga kuku, wakaanza kugombana na majirani kuhusu mipaka. Koti Mbili alitangaza mezani, Jumapili mchana, kwamba anatengeneza ndege.

"Ndege gani?" aliuliza mkewe, akidhani ni mambo ya kufuga.

"Ya kupanda."

Mkewe alikuwa muuguzi katika chumba cha vipimo vya moyo, mtaa mzima ukimwita Sista. Kazi yake ilimzoesha kusikia watu wazima wakisema mambo ya ajabu, akawaitikia kwa upole huku akiwachunguza mboni za macho. Akamchunguza mumewe mboni za macho.

"Ya watu wangapi?"

"Wawili."

"Haya," akasema Sista, akaendelea kula.

Sababu ya ndege ile mzee hakumwambia mtu, kwa hiyo nitaisema mimi. Kwa miaka thelathini na moja alitengeneza safari za watu wengine. Magari aliyoyapaka yalikwenda kila pembe yakarudi na matope ya mahali asipopajua, na yeye hakuwahi kwenda nayo mbali kuliko geti, alikoishia kuwaelekeza wanaosukuma. Lilimuuma hilo, tena lilimuuma sana, kama mtu anayefunga mizigo ya wenzake kila siku naye hana pa kwenda. Alitaka mara moja, kabla hajazeeka kabisa, kuwa yule anayeondoka.

Miaka sita ndege ilikua uani. Mifupa yake ilikuwa ya mabomba ya chuma, ngozi yake ya turubai, injini ilitoka kwenye gari dogo lililopata ajali, ikaja na altaneta yake. Kamba za kuanikia nguo zilihamishwa mara tatu. Bawa la kushoto lilipita juu ya paa la bafu, na mgeni akiuliza choo kiko wapi aliambiwa fuata bawa. Majirani walichungulia ukutani, wakamwita Rubani, wakacheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kuwaonyesha wageni wao ndege hiyo kwa majivuno kana kwamba ni yao. Na rangi? Ngozi nyeupe yenye mstari wa buluu, mifupa ya buluu tupu, koti mbili kila mahali, hata kule ndani ambako hakuna jicho la binadamu litakalofika.

Sheria ilisema ndege ya kutengenezwa nyumbani haitoki uani bila kibali, na kibali kilitoka kwa mkaguzi wa anga. Kipimo cha mwisho kilikuwa cha umeme. Ndege inafungwa kwa kamba kwenye nguzo, injini inawashwa, taa zote, redio na pampu ya mafuta vinawashwa, kisha mkaguzi anakaa na saa yake dakika ishirini akitazama mshale wa chaji. Mshale usishuke chini ya volti kumi na tatu. Jambo lenyewe si gumu: injini inazungusha altaneta, altaneta inatoa umeme, umeme unajaza betri. Pampu ya mafuta nayo inategemea umeme huohuo. Umeme ukiisha pampu inasimama, pampu ikisimama injini inazima, na huko juu hakuna pembeni pa kuegesha ukamwita fundi.

Mkaguzi alipokuja mara ya kwanza, mzee alimtandikia kiti chenye mto. Alikuwa mama mmoja mtulivu, mdogo kwa Koti Mbili kwa miaka mingi, mwenye viatu bapa na faili lililobanwa kwa kibanio. Injini ikaunguruma, mshale ukasimama kwenye kumi na nne, majirani wakapiga makofi. Dakika ya saba mshale ukaanza kusinzia. Kumi na tatu. Kumi na mbili. Kumi na moja. Redio ikakwaruza, ikafa.

Mkaguzi akafungua fomu yake. Ilikuwa na sehemu iliyoandikwa "Chanzo cha hitilafu", na chini yake visanduku vya kutia alama: betri, altaneta, katauti, nyaya, nyinginezo.

"Unadhani ni nini, mzee?"

"Betri," alisema Koti Mbili bila kupepesa. "Betri za siku hizi ni jina tu."

Akatia alama kwenye betri, akaaga.

Mara ya pili betri ilikuwa mpya, imetoka kwenye boksi asubuhi ileile. Dakika ya tano mshale ukalala. Safari hii mzee aliilaumu altaneta, akasema waliokuwa na gari lile kabla ya ajali waliitesa. Mkaguzi akatia alama kwenye altaneta, lakini hakuaga haraka.

"Mzee wangu, naomba nikwambie ukweli," alisema. "Nikirudi mara ya tatu ikawa hivi, faili linafungwa. Na ombi jipya halipokelewi kwa mtu aliyevuka miaka sitini na mitano."

Mzee alikuwa na miaka sitini na sita. Alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi, akasimama mbele ya ndege, na kwa mara ya kwanza aliiona kama itakavyokuwa faili likifungwa: banda la kuku lenye mabawa. Akakaa kwenye gurudumu.

Kuanzia siku hiyo hakushika kazi nyingine. Alibadilisha altaneta. Akabadilisha katauti, kile kidude kinachoangalia umeme usizidi wala usipungue. Akabadilisha fyuzi, akabadilisha nyaya, akabadilisha hata mshale wenyewe, asije akawa anasingiziwa na mshale. Kila alipojaribu, siku mbili tatu za mwanzo chaji ilipanda na kushuka, kisha ikatulia, na baada ya hapo wiki nzima ikawa kumi na nne, haitikisiki. Ndege iliyochaji vizuri hivyo kwa nini igome siku ya mkaguzi tu? Akili ya fundi ilipofika ukingoni, mzee akaanza kuamini kwamba ndege ina haya.

"Labda inamwogopa yule mama," alisema Pakapita, aliyekuja kumwona dada yake akakuta shemeji yake amejiinamia. "Hata mimi namwogopa."

"Shemeji, sina muda wa mzaha."

"Basi kama leo inachaji, iache hivyo hivyo. Usifungue kitu. Mwite mkaguzi aje ikiwa hivi."

"Ikiwa hivi?" Koti Mbili alimwonyesha mabomba yaliyochubuka na bolti zenye alama za spana. "Mgeni aje akute ndege ina mikwaruzo? Ndiyo maana hukufika popote."

Pakapita akaenda zake jikoni kwa dada yake. Alikuwa amesema jambo la maana kuliko yote yaliyowahi kusemwa uani pale, lakini alilisema kwa uvivu, na uvivu wake ulijulikana.

Jumanne, siku mbili kabla ya mkaguzi kurudi, Koti Mbili alifanya kilichopaswa kufanywa kabla ya mgeni. Alifungua bolti arobaini na mbili, akazipanga kwenye gazeti kwa ukubwa wake, akaondoa kila kilichofungwa nazo, akapitisha brashi. Koti ya kwanza ilikauka kabla ya saa sita. Saa tisa alikuwa kwenye ya pili, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, wakati Sista alipoingia kutoka kazini na viatu vyake vyeupe. Akapindua ndoo, akaikalia.

"Kumbe leo ndiyo siku ya rangi."

"Mkaguzi anakuja keshokutwa. Ulitaka akute nini, kutu?"

"Na jana ilikuwa inachaji?"

"Jana, juzi, wiki nzima. Kumi na nne."

"Na ile mara ya kwanza, kabla hajaja, ilikuwa inachaji?"

"Ilikuwa inachaji."

"Ukapaka rangi."

"Nikapaka rangi."

"Akaja, ikagoma. Na mara ya pili?"

Mzee akaweka brashi chini. "Mama watoto, haya ni mahojiano ya polisi au ya hospitali?"

"Ya hospitali. Ya polisi ungekuwa umekaa chini." Sista akavua kiatu kimoja, akajikanda mguu. "Unajua watu wanavyofanya siku ya kipimo cha moyo? Wanaoga vizuri, halafu wanajipaka mafuta kifua kizima, wang'ae mbele ya daktari. Sasa mimi nabandika vile vibandiko vyangu vya nyaya juu ya mafuta, mashine inaandika upuuzi mtupu. Mtu mzima kabisa, amekaa mbele yangu ananisimulia habari za wajukuu, karatasi inasema amekufa tangu jana."

"Unafanyaje?"

"Nachukua pamba na spiriti, nafuta mafuta, nabandika upya. Moyo unasoma."

"Sasa mafuta na ndege wapi na wapi?"

"Sijui. Fundi ni wewe. Huu waya mweusi mnene nao unabandikwa wapi?"

Koti Mbili akapumua kama mwalimu aliyeulizwa swali la darasa la kwanza. "Huo ni waya wa ethi. Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri. Kwenda unapita kwenye nyaya, kurudi unapita kwenye mwili wa ndege wenyewe. Ndiyo maana waya huu unafungwa kwenye bomba kwa bolti, ili ushikane na mwili barabara, chuma kwa..."

Neno la mwisho halikutoka. Aligeuka kutazama mahali ambapo waya wa ethi hufungwa. Pale pale, kwenye duara ambalo kichwa cha waya hulalia, koti ya pili ya buluu ilikuwa mbichi, imetanda vizuri, haina tone wala mchirizi. Ilikuwa kazi safi.

"Chuma kwa nini?" aliuliza Sista.

"Chuma kwa rangi," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Kila kitu kikajipanga kichwani mwake bila kuombwa. Rangi haipitishi umeme. Akishapaka, umeme wa kurudi ulibaki na njia moja tu, meno ya bolti yaliyoparuza rangi kidogo, na hiyo ilitosha dakika tano, dakika saba, mpaka ikapata joto ikakata tamaa. Akiendelea kuwasha na kuzima kutwa, mtikisiko ulisaga rangi taratibu, waya ukagusa chuma, chaji ikatulia. Ikitulia, anaalika mgeni. Akialika mgeni, anapaka rangi.

Akatafuta msasa. Alikwangua duara la ukubwa wa kifuniko cha soda, na majirani waliochungulia wanasema alikunja uso mithili ya mtu anayeng'olewa jino. Akakwangua la pili kwenye injini, la tatu kwenye altaneta, la nne kwenye redio. Akafunga nyaya chuma kwa chuma, akakaza, akawasha. Mshale ukapanda kumi na nne. Akawasha taa, redio, pampu. Kumi na nne. Waliketi pale nusu saa, yeye kwenye gurudumu na Sista kwenye ndoo, wakiutazama mshale mpaka ukawachosha.

Injini ilipozimwa ndipo uchungu ulipoingia. Aliwakumbuka vijana wanne wa kusukuma. Aliyakumbuka magari ya wakurugenzi, moja baada ya jingine, yaking'aa na kukohoa getini, na betri nzima zilizotupwa nyuma ya karakana kwa amri yake. Kisha akakumbuka jambo ambalo miaka yote hiyo alilijua na hakuwahi kulitazama usoni: magari aliyoyapaka Pakapita, yale ya bolti zenye rangi kichwani, yalikuwa yanawaka. Kila asubuhi, ufunguo ukizungushwa mara moja tu. Aliyaita magari yenye bahati.

"Paka sasa ulipokwangua," Sista alisema Jumatano asubuhi, akijiandaa kwenda kazini. "Vyuma vikiachwa wazi si vitashika kutu?"

"Nikifungua nikapaka, tumerudi kulekule."

"Nani kasema ufungue? Umeshasafisha, umeshakaza. Paka kwa juu."

"Juu ya bolti?"

"Juu ya bolti."

"Hivyo ndivyo anavyopaka mdogo wako!"

"Ndiyo. Hivyo ndivyo anavyopaka mdogo wangu," alisema Sista, akachukua mkoba wake, akatoka.

Mzee alichovya brashi, akaisogeza mpaka karibu na bolti, akairudisha. Akajaribu tena. Mkono uliozoea miaka thelathini na moja ukakataa katakata, kama ng'ombe anayekataa daraja. Mwishowe alivuta kiti, akakaa, akampigia simu shemeji yake.

"Njoo na brashi yako," alisema.

"Kuna nini kimeharibika?" aliuliza Pakapita.

"Njoo tu."

Alikuja amevaa nguo safi, za kufaa kusomewa mashtaka. Koti Mbili alimwonyesha bolti nne, akageuza uso. Pakapita alichuchumaa, akazitazama, akatazama mgongo wa shemeji yake, akatafuta mtego uko wapi.

"Nizifungue?"

"Usizifungue."

"Nipake juu?"

"Paka juu."

"Koti ngapi, shemeji?"

Mzee alikuwa bado amegeuza uso. "Moja," alisema.

Haikufika dakika tatu kazi ikawa imekwisha. Pakapita hakuuliza kitu, na mzee hakueleza kitu. Alitaka kueleza, alifungua mdomo hata mara mbili, lakini maneno yenyewe yalikuwa yanahusu miaka mingi, akaishia kumkaribisha chai.

Alhamisi mkaguzi alifika saa nne. Ukuta ulishajaa vichwa vya majirani, na wastaafu watano wa karakana walikuja na kukaa kwenye benchi, wamevaa mashati ya kwendea mazishi kwa tahadhari. Sista aliomba ruhusa kazini. Pakapita alisimama karibu na mkia wa ndege, kidole gumba kikiwa bado na buluu.

Kamba ikafungwa, injini ikanguruma, kila kinachowaka kikawashwa. Mkaguzi akabonyeza saa yake. Dakika ya tano, kumi na nne. Dakika ya saba mzee alifumba macho, akayafumbua: kumi na nne. Dakika ya kumi na mbili turubai lilitetemeka, redio ikatoa sauti ya mtu wa mbali anayeongea habari za upepo, ikaendelea kuongea. Dakika ya ishirini mkaguzi alinyoosha mkono, injini ikazimwa, na kishindo cha shangwe ukutani kilikuwa kikubwa kiasi kwamba jirani mmoja aliangukia uani. Mzee alisikia machozi yakimjia, akayaacha.

"Hongera, mzee," alisema mkaguzi. Alifungua faili, akatoa muhuri, akauweka juu ya meza ndogo, kisha akaishika kalamu. "Hitilafu imeondolewa. Chanzo chake? Bila chanzo siwezi kupiga muhuri." Akainama kidogo, akapunguza sauti kwa wema kabisa. "Tuweke betri? Wengi huweka betri. Haina maswali."

Betri ilikuwa palepale, nyeusi, imenyamaza. Haina mke wala shemeji, haina moyo wa kuumia. Benchi la wastaafu lilikuwa likisikiliza. Mzee alimwona Sista akimtazama mboni za macho.

"Weka nyinginezo," alisema.

"Nyinginezo lazima nifafanue. Kuna mstari."

"Andika fundi alipaka rangi chini ya waya wa ethi, umeme ukakosa pa kurudia."

Wastaafu wakatazamana. Mkaguzi aliandika polepole, akafika mwisho, akainua kalamu. "Fundi yupi? Natakiwa kumtaja." Macho yake yakazunguka uani, yakaona kidole chenye buluu, yakatulia hapo. "Ni huyu?"

Kila mtu akamgeukia Pakapita: benchi, ukuta, hata jirani aliyeanguka. Naye Pakapita hakushangaa. Alikwisha kuinamisha kichwa, amefungua mdomo, yuko tayari kusema ndiyo, samahani, halitatokea tena.

"Si yeye," alisema Koti Mbili, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni mimi. Na magari ya karakanani ni mimi pia. Yote yale yaliyosukumwa. Yeye yake yalikuwa yanawaka, nikamwandikia onyo."

Mkaguzi aliutazama mstari wake, akautazama tena.

"Mzee, nafasi yenyewe ni ndogo," alisema. "Karakana haitaenea hapa."

"Basi andika mimi."

Akaandika, akapiga muhuri. Pakapita alikuwa bado ameinamisha kichwa, na dada yake ndiye aliyekwenda kumshika bega, akamwambia ainue kichwa, si yeye.